Kutoka Maskani Hadi Ajira ya Ustawi: Mwongozo Kamili kwa Aliyeacha Dawa na Anataka Kuhudumia Wengine

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeacha unga (heroini), pombe au vidonge, ametulia kwa muda, na sasa anajiuliza kama yale aliyopitia yanaweza kumpa kazi. Yanaweza. Huku pwani, sehemu kubwa ya huduma za waraibu imebebwa na watu wa namna hiyo. Soba hausi, yaani nyumba wanamoishi watu wanaoacha dawa, zilipoanza Zanzibar mwaka 2009, walioziendesha walikuwa wametoka kwenye unga wenyewe. Kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa unga, ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilipofunguliwa Februari 2011, na ya Malindi, Kenya, mwaka 2015, ilihitaji watu wanaoingia maskani, vijiwe vya watumiaji, bila kuogopwa, wakae chini na wenzao, kisha wawasindikize mpaka mlangoni. Kazi hiyo daktari haiwezi, hata awe na moyo kiasi gani.

Lakini kupona kwako kunafungua mlango tu. Kazi yenyewe hujifunzwa, na anayeifanya bila kujifunza huanza kuumia yeye kabla ya mteja. Nimewaona vijana wazuri wakikabidhiwa funguo za nyumba ya watu ishirini wakiwa na miezi mitatu tangu waache. Wanalala humo humo, wanapika humo humo, hawalipwi, na kila usiku wanasikiliza mtu wa kitandani jirani akilia kwa arosto, yale maumivu ya kukosa dawa. Tunawaita wasimamizi. Kwa hali ile, bado ni wagonjwa waliopewa zamu. Hatua zinazofuata nimezipanga ili wewe usiwekwe pale.

Hatua ya 1: Hakikisha kupona kwako kuna miguu yake

Kila taasisi ina kipimo chake cha muda. Wengine hutaka mwaka mmoja, wengine miwili. Rai yangu ni mwaka mmoja kamili kabla ya kazi yoyote ya kukutana na watumiaji, na zaidi ya hapo kabla ya kuingia maskani yale yale uliyokuwa ukikaa wewe.

Hata hivyo kalenda peke yake haisemi yote. Jiulize umeshapitia nini ukiwa soba, bila kutumia. Umeshashika fedha ya maana mkononi ikalala mpaka asubuhi? Umeshafiwa? Umeshagombana na mtu wa nyumbani na usitoke kwenda kutafuta kete ya unga? Umeshapita siku ya sikukuu au ya harusi, ambapo wenzako wa zamani wote wamerudi mtaani? Mtu mwenye miezi minane aliyeyapita hayo yuko imara kuliko mwenye miaka miwili aliyefichwa shambani kwa mjomba.

Neno kwa walio kwenye methadoni. Baadhi ya soba hausi bado huwaambia watu wa methadoni kwamba hawajaacha, wamebadilisha tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Methadoni ni matibabu, na mtu ambaye dozi yake imetulia, halewi, hahangaiki, anaweza kuwa mwelimishaji rika bora kuliko wengi. Kinachokubana ni ratiba: katika kliniki nyingi unakunywa dozi mbele ya muuguzi kila siku, na dozi za kwenda nazo nyumbani hupewa waliokidhi masharti. Kwa hiyo mwajiri wako ajue mapema kwamba asubuhi una kituo cha kupitia, na ukitumwa safari ya mkoa mwingine, zungumza na kliniki siku kadhaa kabla.

Hatua ya 2: Chagua kazi, maana ziko nyingi

Wengi wanaijua moja tu, ya mwelimishaji rika: mtu wa mtaani, anayetoa elimu, anayegawa vifaa vya kinga, anayesindikiza watu kupima VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Ndiyo mlango wa kwanza kwa walio wengi, na ndiyo yenye mitihani mikubwa kwa mtu aliyeacha, kwa sababu ofisi yake ni maskani.

Ipo kazi ya ndani ya soba hausi au kituo cha tiba: kupokea wapya, kusimamia ratiba, kuendesha vikao. Ipo ya ushauri nasaha, inayodai masomo. Ipo ya ustawi wa jamii, ambayo ni taaluma kamili yenye diploma na shahada. Afisa ustawi hagusi uraibu peke yake, anashughulika na watoto, ndoa, wazee na mahakama. Kwa Tanzania ipo pia ya msaidizi wa kisheria, inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Waliowahi kukamatwa na kuwekwa mahabusu huielewa kazi hii haraka sana.

Halafu kuna kundi kubwa ambalo watu wa soba hulisahau, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wakichaguliwa na jamii zao wenyewe na kupewa mafunzo ya miezi sita. Kenya nayo ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Hapo hutafutwi kwa sababu ulikuwa teja. Unachukuliwa kama mkazi mwenye sifa, na kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo afya zaidi.

Wanawake wahesabu jambo hili kuwa nafasi. Nyumba za soba za wanawake ni chache mno, na mwanamke anayetumia huogopa kwenda sehemu iliyojaa wanaume, wengine wakiwa ndio waliomtesa. Mradi wowote makini unatafuta mwelimishaji rika wa kike.

Hatua ya 3: Anza kwa kujitolea, lakini kwa maandishi

Nenda kituo kilicho karibu nawe na barua. Useme unaomba kujitolea, siku zipi, saa ngapi, kwa muda gani. Miezi mitatu inatosha, siku mbili au tatu kwa wiki. Omba barua iandike nani atakusimamia na kama nauli italipwa. Ukikuta taasisi inakataa kuandika lolote lakini inakutaka kila siku kuanzia saa moja asubuhi, ondoka. Kujitolea kusikokuwa na mwisho ni ajira isiyolipwa.

Katika kipindi hicho jifunze makaratasi. Waraibu waliopona huajiriwa kwa mdomo wao na huachishwa kwa rejista zao. Jifunze kujaza fomu ya rufaa ikakamilika, kuandika ripoti ya wiki kwa aya mbili zinazoeleweka, kutumia simu au kishikwambi kuingiza takwimu. Kama kusoma na kuandika kunakupa taabu, hapo ndipo pa kuanzia, na hakuna aibu yoyote.

Kabla ya kwenda mitaani pata chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ujue cha kufanya ukichomwa na sindano iliyotumika: osha kwa maji na sabuni, usikamue, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Uliza kama mradi una naloksoni na nani ameruhusiwa kuitoa. Hiyo ni dawa inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha unga, na anayefanya kazi maskani asiyejua ilipo yuko kazini nusu.

Hatua ya 4: Jifunze kusikiliza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoteza wateja bila kujua.

Chukua kijana amekaa chini ya mwarobaini nyuma ya stendi ya daladala. Anamwambia mwelimishaji rika: "Kaka, mi nimechoka, ila kuacha siwezi. Arosto ya juzi nusura nife."

Mwelimishaji aliyepona majuzi hujibu kwa moyo wote: "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mdogo wangu. Nilivuta miaka kumi, nikalala hapa hapa stendi, mama akanifukuza, lakini leo nione. Ukiamua unaweza." Kila neno ni kweli, na kijana atatikisa kichwa kwa heshima. Ila mazungumzo yameshahama. Sasa ni ya kaka mkubwa, na kijana amebaki na swali lake, pengine na aibu mpya kwamba yeye "hajaamua".

Aliyefundwa hujibu hivi: "Nusura ufe. Ilikuwaje hiyo juzi?"

"Nilitapika usiku kucha, miguu inavuta. Alfajiri nikaenda kuiba nondo za watu nipate kete moja tu."

"Kumbe kinachokutisha zaidi ni ile arosto."

"Ndiyo kaka. Kuacha natamani."

"Kuna dawa kliniki inayoituliza arosto. Ukipenda nitakueleza inavyofanya kazi."

Angalia kilichotokea. Kijana aliyesema siwezi amesema natamani, kwa kinywa chake. Mwelimishaji hajatoa ushauri hata mmoja, ameuliza swali lililo wazi, akarudisha alichosikia, kisha akaomba ruhusa kabla ya kueleza. Huo ndio msingi wa mahojiano ya kumtia mtu ari, mbinu iliyoandikwa na mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983 baada ya kufanya kazi na watu wa pombe, na leo inafundishwa karibu kila mafunzo ya ushauri wa uraibu.

Kisa chako kina nafasi yake. Kitoe kikiulizwa au kikiwa na kazi maalumu ya kufanya, kwa sentensi mbili tatu, kisha rudisha mpira kwa mteja. Kisa cha dakika ishirini kinakusaidia wewe zaidi kuliko yeye, na mahali pake ni kwenye kikao chako cha NA (Narcotics Anonymous), kikundi cha waraibu wanaosaidiana kupona.

Mazoezi: kaeni wawili, mmoja aeleze tatizo la kweli dogo kwa dakika tano, mwingine haruhusiwi kutoa ushauri wala kusema "hata mimi". Utashangaa ugumu wake.

Hatua ya 5: Vyeti

Kwa Tanzania njia ya ustawi wa jamii iko wazi hatua kwa hatua. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, inatoa cheti, diploma na shahada. Kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, cheti cha awali, yaani ngazi ya nne, kinahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, kuanzia alama D. Cheti ni mwaka mmoja, diploma miaka miwili zaidi, na kutoka diploma mtu anaendelea shahada.

Wengi wetu dawa zilitukuta shuleni. Kama uliishia darasa la saba au ukakatisha kidato cha pili, pita kwenye Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, kisha ufanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya watu wa namna hiyo mikoani. Itakuchukua miaka. Miaka hiyo itapita hata usiposoma, kwa hiyo soma.

Kenya, ushauri nasaha unasimamiwa na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na vituo vya tiba ya uraibu huidhinishwa na NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kabla ya kulipa ada ya chuo chochote Mombasa au Nairobi, uliza kama kozi yake inakubalika katika usajili. Kwa mdomo utaambiwa ndiyo, ila omba barua.

Kuna pia mafunzo mahususi ya uraibu. Mtaala wa kimataifa wa tiba, unaoitwa UTC, ulioandaliwa na Colombo Plan, unaeleza dawa zinavyofanya kazi mwilini, ushauri wa msingi, tathmini na kumbukumbu, usimamizi wa mteja, hali za dharura na maadili. Jumuiya ya wataalamu wa uraibu duniani, ISSUP, haitozi ada ya uanachama, ina tawi Kenya, na hutoa kozi za mtandaoni bure. Kozi hizo ni za Kiingereza kwa sehemu kubwa. Usikate tamaa kwa hilo, someni kikundi, anayekijua awatafsirie wengine.

Hatua ya 6: Maombi, usaili na rekodi ya polisi

Wasifu wako una pengo la miaka, na aliyekaa upande wa pili ataliona. Liandike kwa staha: "2012 hadi 2018: kipindi cha ugonjwa na matibabu." Huna deni la kumweleza mtu ulichokuwa ukivuta. Kwenye usaili, tangazo likiwa limetaka mtu mwenye uzoefu binafsi, sema umeacha lini, unajilindaje, kisha hamia haraka kwenye unachokijua kufanya. Kama tangazo halikutaka hivyo, kueleza ni hiari yako.

Ukiwa mwanachama wa NA, sema kwamba uko katika safari ya kupona, lakini usijitambulishe hadharani kama mwanachama wala msemaji wao. Mila zake zinalinda kutojulikana, na mila ya nane inasema huduma ya mwanachama kwa mwanachama haifanywi kuwa taaluma. Kuwa sponsa, yaani mwanachama mkongwe anayemwongoza mwenzake, hakuingii kwenye wasifu wa kazi.

Waajiri wengi hutaka cheti cha tabia njema. Kenya kinaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unachukuliwa alama za vidole. Tanzania unakwenda polisi. Kama uliwahi kuhukumiwa, kiombe mapema ujue kinasemaje kabla mwajiri hajakisoma, na mwambie mwenyewe kabla hajakuta. Aliyeambiwa hupata nafasi ya kufikiri. Aliyekuta hujiona amedanganywa.

Hatua ya 7: Mipaka

Usimkopeshe mteja wala usikope kwake. Usimlaze kwako. Usianzishe mapenzi na mtu aliye chini ya huduma yako, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Kuwa na laini ya kazi tofauti na ya kwako, na izimwe saa fulani. Dharura zina namba zake, DCEA (mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya) kwa 119 Tanzania na NACADA kwa 1192 Kenya, zote bure.

Siri ni ngumu zaidi kwako kuliko kwa mgeni, kwa kuwa mteja ni mtoto wa mtaa wenu na mama yake anakujua. Atakuja mlangoni: "Baba, niambie tu, mwanangu anaendeleaje?" Jibu lipo, la adabu: "Mama, shikamoo. Yeye mwenyewe akikubali, tutakaa wote watatu." Sheria zinakuunga mkono, Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022, taarifa binafsi za mtu zinalindwa.

Usimwachie sponsa wako awe bosi wako. Ikiwa kazi, makazi, marafiki na vikao vyako vyote viko nyumba moja, siku ukigombana na meneja umepoteza vyote. Uwe na kikao cha nje, na rafiki asiyehusika na dawa kabisa.

Hatua ya 8: Malipo

Uliza kama ni mshahara au posho, maana posho mara nyingi haina mfuko wa hifadhi ya jamii wala bima. Uliza mradi unaisha lini. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, waelimishaji rika wengi wa Afrika Mashariki walibaki bila kazi ndani ya wiki, na baadhi yao kazi ndiyo ilikuwa nguzo yao ya kubaki soba. Kwa sababu hiyo nasisitiza cheti kinachotambulika nje ya mradi, na shughuli ya pembeni hata kama ni ndogo.

Mshahara wa kwanza ni hatari ya kweli. Panga kabla haujaingia uende wapi, na siku hiyo uwe na mtu.

Hatua ya 9: Kubalianeni mapema kuhusu kurudia

Hakuna anayependa kulizungumza siku ya kuajiriwa, na ndiyo siku yake. Mwombe msimamizi muandike ukurasa mmoja. Uwe na dalili zako unazozijua, kama kukwepa vikao, kulala mchana, kuomba fedha kabla ya mwezi kuisha. Uwe na majina mawili ya watu anaoruhusiwa kuwapigia. Ueleze kwamba ukisema mwenyewe unatolewa kazi ya maskani mara moja, unapewa likizo ya matibabu, na nafasi yako itajadiliwa baada ya muda mliokubaliana. Ukificha na ukakutwa, utaratibu ni mwingine, nao uandikwe.

Ukurasa huo unaokoa maisha kwa maana halisi. Mwili uliokaa mwaka bila unga umepoteza uzoefu wake, na aliyerudia kwa kipimo cha zamani anaweza kuacha kupumua kwenye choo cha ofisi huku wenzake wakidhani yuko mitaani. Mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa hutumia peke yake, mlango umefungwa. Anayejua nani wa kumpigia, na kwamba hatapoteza kila kitu kwa kusema, anapiga simu. Msimamizi akikataa kuandika ukurasa huo, uandike wewe, mpe nakala mtu wa nyumbani na nyingine sponsa wako, kisha endelea kutafuta mahali pengine pa kufanyia kazi.